Rutuba ya Ukuta wa Kiponda

Nyumba ya babu yangu iko Kiponda, ndani ya Mji Mkongwe wa Unguja, katika kichochoro chembamba ambacho mchukuzi akipita na gunia lake huna budi kupanda baraza ya mtu umpishe. Ni nyumba ya orofa mbili juu ya ile ya chini, na katika chumba cha chini cha upande wa nyuma kuna ukuta ambao sisi watoto tulikuwa tukiuita mtabiri. Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, ndiye aliyetufundisha kuusoma. Kila ilipokaribia masika, kabla hata wingu halijaonekana, ukuta ule ulikuwa ukibadilika rangi kuanzia chini hadi kimo cha goti, ukawa kama nguo iliyonyunyiziwa maji kabla ya kupigwa pasi. Shangazi aliuwekea kiganja, akakinusa, kisha akasema, "Rutuba imeamka. Anueni kuni." Tulianua. Mara nyingi mvua ilikuja. Mara nyingine haikuja, naye hakuona haya. Alisema imepita Pemba.

Rutuba ni neno la ajabu kidogo. Wanafunzi wa siku hizi wanalijua kwa maana moja tu, ile ya udongo unaostawisha mazao, na mkulima akiambiwa shamba lake lina rutuba hufurahi. Wazee wetu wa mjini walilitumia hata kwa nyumba, na hapo halikuwa neno la furaha. Walikusudia ule unyevu unaokaa ndani ya ukuta, unaotia koga nguo sandukuni, unaobana vifua vya watoto na kubambua chokaa vipande vipande hata ukifagia asubuhi, jioni unafagia tena.

Mimi si mwashi wala mhandisi. Nilikuwa mwalimu, nikisomesha jiografia na sayansi katika skuli za sekondari, na sehemu kubwa ya kazi yangu niliifanyia Dar es Salaam. Naandika habari hii kwa sababu ukuta ule wa shangazi, uliokuwa umesimama zaidi ya miaka mia moja, mimi ndiye niliyeuharibu, kwa nia njema na kwa fedha zangu mwenyewe.

Kwanza msomaji aelewe ukuta wenyewe ni kitu gani. Mji Mkongwe kama tunavyouona leo ni kazi ya karne ya 19 hasa. Seyyid Said alipohamishia makao yake Unguja kutoka Maskati mwaka 1840, nyumba za mawe zilikuwa bado chache. Baada ya hapo karafuu, pembe za ndovu na ile biashara ya kuuza watu vilileta mali, na mali ikajenga. Waomani walijenga majumba ya kuta nene yenye ua katikati. Wafanyabiashara wa Kihindi walijenga nyumba zenye duka chini na makazi juu, na roshani za mbao zilizonakshiwa. Nje zinatofautiana sana. Lakini ukibambua lipu ya yoyote kati ya hizo utakuta kitu kimoja: vipande vya mawe ya matumbawe, vikubwa kwa vidogo, vimelazwa ndani ya mchanganyiko wa chokaa, mchanga na udongo mwekundu. Ukuta una unene wa nusu mita, na mwingine zaidi ya hapo. Kwa macho ni mzito kama ngome, lakini ndani umejaa vitundu kama mkate wa kumimina.

Chokaa yenyewe ilitoka katika matumbawe yaleyale. Mawe yalipangwa juu ya magogo, tanuu likawashwa, likawaka mchana na usiku. Jiwe likifikia joto la kiasi cha nyuzi 900 hutoa hewa ya kaboni iliyofungwa ndani yake, likawa jepesi, na ukilimwagia maji huchemka bila ya moto na kusagika. Fundi aliyejiheshimu hakuitumia chokaa hiyo siku ileile. Aliilaza shimoni miezi kadhaa mpaka ikawa laini kama samli. Ikishapakwa ukutani, chokaa huanza safari ya kurudi kwao. Huivuta tena hewa ileile ya kaboni kutoka angani, polepole, mpaka inageuka jiwe. Ila hili la pili ni jiwe jepesi, lisilo na kiburi, linalokubali kunywa maji na kuyatoa.

Na kuyatoa ndilo jambo lenyewe. Mji Mkongwe umekaa juu ya ulimi wa ardhi uliozungukwa na bahari. Hata upande wa mashariki, unakotuunga leo na Ng'ambo, palikuwa na mkono wa bahari uliokuja kufukiwa katika karne ya 20. Jina la Darajani limebaki kutukumbusha. Maji ya chini hayako mbali, na kuta zetu zilisimamishwa juu ya ardhi hiyo bila ya kizuizi chochote kati ya msingi na ukuta. Maji yanapanda ndani ya vile vitundu kama mafuta yanavyopanda katika utambi wa kibatari. Somo hili nilikuwa nikilisomesha kila mwaka. Nilikuwa nikiweka kibatari mezani, nikatumbukiza na karatasi katika wino, wanafunzi wakatazama wino ukipanda, nikawaambia kwamba njia ikizidi kuwa nyembamba ndivyo maji yanavyopanda juu zaidi. Sikuwahi hata siku moja kuwaambia wageuke waguse ukuta wa darasa.

Waashi wa zamani walijua kwamba ukuta unakunywa, na hawakushindana nao. Waliuachia pumzi. Maji yakishapanda kiasi cha goti hukutana na upepo, hugeuka mvuke na kwenda zake. Yanayopanda na yanayotoka yakalingana, na mstari ukabaki pale pale miaka nenda miaka rudi. Maji hayo hubeba chumvi. Mawe ya bahari yana chumvi, mchanga wa pwani una chumvi, na ardhi iliyopokea maji ya vyoo vya karne nzima ina chumvi za kila aina. Maji yanapogeuka mvuke chumvi haiondoki nayo. Hubaki, ikaota juu ya lipu kama manyoya meupe, na inapoota husukuma. Hicho ndicho kinachobambua. Lakini inayobambuka ni lipu, siyo jiwe. Lipu ya chokaa ilikuwa imewekwa pale ife badala ya ukuta. Baada ya miaka kadhaa iling'olewa ikapigwa nyingine, na kila mwaka kuta zilipakwa chokaa nyeupe, aghalabu kabla ya sikukuu. Sisi tulidhani ni mapambo ya Idi.

Chumvi hiyohiyo, nilikuja kufahamu baadaye sana, ndiyo iliyokuwa siri ya utabiri wa shangazi. Chumvi ya kawaida huvuta maji hewani, na unyevu wa hewa ukipita asilimia 75 huanza kuyeyuka yenyewe. Kila mwenye duka la rejareja hapa Unguja anaijua shida hiyo. Pepo zinapogeuka kuelekea masika, hewa hujaa, na ukuta wenye chumvi hulowa bila ya tone la mvua kuanguka. Mwanamke ambaye hakuwahi kuingia maabara alikuwa na chombo cha kupimia hewa, urefu wake futi kumi.

Juu ya ukuta kuna boriti. Msomaji azitie akilini kwa kuwa nitazirudia. Ni miti ya mikoko, mingi ililetwa kwa majahazi kutoka Rufiji, na urefu wake ndio uliopanga upana wa vyumba vyetu: mita tatu, pengine pungufu. Ndiyo maana wageni wanashangaa vyumba vya majumba makubwa kuwa virefu na vyembamba kama safu ya msikiti mdogo. Ncha za boriti huingizwa ndani ya ukuta kila upande, kisha juu yake hupangwa mawe na kumwagwa chokaa yenye kokoto, ikatwangwa siku kadhaa kwa vigongo na nyimbo mpaka ikashikana. Mapaa ya zamani nayo yalikuwa sakafu kama hizo, bapa, yenye milizamu inayotema maji mbali na ukuta. Baadaye wengi walisimamisha paa la mabati juu ya sakafu ile. Bati lilisaidia sana, sitaki kulitukana. Lakini bati lina kutu, na mfereji wake unaweza kuzibwa na kiota kimoja cha kunguru, na kunguru Mungu ametujaalia wengi.

Kisha maji yakaingia ndani kwa mwaliko wetu. Seyyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, aliuletea mji maji matamu kwa mabomba kutoka chemchemi zilizo nje ya mji, na hapana shaka hiyo ilikuwa rehema kubwa kwa watu waliokuwa wakinywa maji ya visima yenye chumvichumvi. Katika karne iliyofuata mifereji ikapanda ghorofani, vikajengwa vyoo na makoga vya juu. Ukuta uliozoea maji ya ardhini na maji ya mvua sasa ukapata ya tatu, yanayodondoka katikati ya mwili wake mchana na usiku, masika na kiangazi, bila ya kuonekana.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 wenye nyumba wengi waliondoka, na majumba mengi yakawa ya serikali. Watu waliokuwa hawana makazi ya maana walipewa vyumba. Nimesikia wengi wakisema kwamba waliohamia ndio walioua mji, na sikubaliani nao. Mtu aliyepewa chumba kimoja katika nyumba ya familia tano hana ngazi ya kufikia bati, hana fedha ya chokaa, wala hana hakika kama mwakani atakuwa bado yumo. Nyumba iliyojengwa kwa familia moja na watumishi wake sasa ina majiko matano, na paipu zimetobolewa ukutani kila mtu kwa fundi wake. Kila mmoja anangoja mwenzake azibue mfereji wa juu. Tanuu za chokaa nazo zikapungua, maana ni nani angenunua? Mamlaka ya kuuhifadhi na kuuendeleza Mji Mkongwe ilipoundwa mwaka 1985, kazi iliyoikuta mbele yake ilikuwa ya miaka ishirini ya paa ambazo hazikupandwa na mtu. Sisi lakini nyumba yetu ilibaki mikononi mwetu, kwa hivyo hata kisingizio hicho mimi sina.

Sasa nije kwenye simenti. Aliyeipa jina simenti ya Portland ni mwashi wa Leeds, Joseph Aspdin, aliyepata hataza yake mwaka 1824. Alisema ikishakauka hufanana na jiwe zuri la kisiwa cha Portland, Uingereza. Huku kwetu ilikuja kwa meli kwanza, kisha kiwanda cha Bamburi, Mombasa, kikaanza kuitoa mwaka 1954, na kile cha Wazo Hill, Dar es Salaam, mwaka 1966. Kiswahili kiliipa jina ambalo tayari kilikuwa nalo: saruji. Oman wanaliita saruji tope lao la kale la udongo uliochomwa, walilojengea mifereji yao ya falaji na ngome, na linalofaa kuzuia maji. Kwa hivyo neno lilitangulia mfuko kwa karne nyingi. Pengine hilo ndilo lililotupoteza. Tulipousikia mfuko wa kijivu ukiitwa kwa jina la zamani tulidhani ni ndugu ya chokaa, ila yeye ana nguvu zaidi. Simenti ni kitu kizuri sana mahali pake. Nyumba ya matofali ya simenti yenye msingi wa zege nisingeipiga lipu ya chokaa. Lakini ukuta wa matumbawe ni laini, unatikisika kidogo, unakunywa na kutoa. Simenti ni ngumu, haitikisiki, na mvuke hupita ndani yake kwa shida kubwa.

Mwaka 1988 nilikuja likizo kutoka Dar es Salaam. Milango ya biashara ilikuwa imefunguliwa, simenti ilikuwa inapatikana, nami nilikuwa nimepokea zamu yangu ya upato. Nilimkuta shangazi anakohoa. Chumba cha chini kilikuwa kimebambuka vibaya mpaka kimo cha kiuno, na juu yake, katika chumba alicholala, nguo zilikuwa zinanuka koga. Niliona aibu. Mimi mwalimu, mwenye mshahara, na dada wa baba yangu analala juu ya ukuta kama ule. Nikanunua mifuko kumi na miwili na ndoo mbili za rangi ya mafuta ya buluu.

Shangazi alisema, "Mwanangu, babu yako alikuwa anapaka chokaa tu."

Nikamwambia, "Shangazi, zamani hawakuwa na simenti. Wangekuwa nayo wangeitumia."

Hakunibishia. Alikuwa mtu wa heshima hata kwa wadogo zake, na nadhani alikuwa anaona fahari kwamba mimi ndiye ninayegharamia. Vijana niliowachukua walipiga lipu chumba kizima, ndani, na nje upande wa kichochoro, kutoka chini mpaka karibu na boriti, kisha tukapaka rangi. Chumba kilikuwa kinang'aa kama sahani. Majirani walikuja kutazama. Shangazi aliuwekea ukuta kiganja, akakinusa, akanyamaza. Niliporudi Dar es Salaam nilikuwa mtu mwenye raha.

Mwaka wa kwanza ukuta ulikaa mkavu. Mwaka wa pili pia. Huo ndio udanganyifu wake, kwamba hukupa muda wa kusifiwa. Maji yaliyokuwa yakipanda hadi goti na kutoka, sasa hayana pa kutokea: mbele simenti, nyuma simenti, juu ya simenti rangi ya mafuta. Yakaendelea kupanda kutafuta mlango. Yalipita goti, yakapita kiuno, yakapita kichwa cha mtu, mpaka yalipofika mahali ambapo simenti yangu iliishia. Na pale palikuwa na nini? Ncha za boriti. Mti wa mkoko ukiwa mkavu hukaa miaka mingi kuliko aliyeukata. Ukilala ndani ya ukuta uliolowa huoza kimyakimya kuanzia ncha, kisha mchwa wanakuja kumalizia, na ukiutazama katikati ya chumba unauona mzima, mweusi, hauna kasoro. Mwaka 1993 shangazi aliniandikia kwamba dari ya chumba cha chini imeanza kumwaga unga. Nilimjibu kwamba nitakuja kupaka rangi.

Mvua za El Niño zilianza mwishoni mwa mwaka 1997 zikaingia mwaka mpya wa 1998, katika miezi ambayo kwa kawaida mvua zetu zingekuwa zimekatika. Ilikuwa Ramadhani. Usiku mmoja, saa tisa hivi, shangazi aliamka kupasha daku, akashuka jikoni upande wa ua. Alikuwa anapuliza moto aliposikia kishindo. Boriti nne za upande wa ukuta ule zilikuwa zimetoka ukutani kwa pamoja, na sakafu ya chumba chake ikashuka nazo, mawe, chokaa na kitanda. Kitanda kilikutwa chini, kimefunikwa na kifusi, na mto umepasuka.

Nilipofika siku ya pili nilimkuta kwa jirani, amekaa juu ya mkeka, anachambua mchele. Nilikuwa nimejitayarishia maneno tangu ndani ya boti. Alinitazama akasema, "Umefunga?" Nikasema nimefunga. Akasema, "Basi kaa kitako, umechoka." Hakuitaja simenti siku ile, wala siku yoyote mpaka alipofariki miaka mitano baadaye, Michenzani, katika nyumba ya binti yake, ghorofa ya nne, yenye kuta za zege kavu kabisa. Hakulala tena Kiponda.

Niliitafutia nyumba fundi, na safari hii nilitafuta mzee. Nilielekezwa kwa mmoja wa Malindi aliyekuwa amefanya kazi za chokaa tangu ujana wake, na ambaye katika miaka ile ya 1990, majumba kadhaa ya mji yalipoanza kufanyiwa matengenezo ya uhakika, alikuwa ameitwa tena kazini baada ya muda mrefu wa kukaa barazani. Nilimwonesha ukuta. Hakuutazama. Aliuliza ngazi iko wapi, akapanda hadi kwenye bati.

Nikamwuliza, "Mzee, mbona wapanda juu na maradhi yako chini?"

"Maradhi nimeshayaona, mwanangu. Natafuta yalikotoka."

Alikaa nyumbani kwetu siku mbili bila ya kushika chombo cha kazi. Juu alikuta mfereji wa bati umezibwa na viota, maji ya paa zima yanamiminika nyuma ya lipu. Katikati alikuta paipu ya koga ya jirani inavuja ndani ya ukuta tunaochangia. Jirani hakujua, nasi hatukujua, kwa sababu rangi yangu ya buluu ilikuwa inaficha. Chini alichimba na kunionesha kwamba kichochoro kilikuwa kimemwagwa zege mara kadhaa kwa miaka mingi, mpaka kikawa juu kuliko sakafu yetu kwa shubiri nzima, na maji ya njia yanasimama kwenye mguu wa ukuta. "Hapa pana maji matatu," alisema, "na wewe umeyafungia mlango yote." Mimi miaka ile yote nilikuwa na ugonjwa mmoja tu kichwani, ule wa utambi.

Kazi yake ilikwenda kwa mpango huohuo. Mfereji kwanza, kisha paipu, kisha mtaro mdogo kandokando ya ukuta wa kuondoa maji ya njia. Ndipo tulipoanza kung'oa simenti, na sikupenda nilichokiona. Iling'oka kwa mabamba makubwa, na kila bamba lilitoka na nyama ya ukuta, kwa kuwa ile chokaa ya ndani ilikuwa imegeuka uji wa chumvi na haikuweza kushindana nayo. Nyuma yake mawe yalikuwa yanameta kwa maji. Nilitaka tupige lipu mpya kabla ya masika. Alikataa kabisa. Mafundi wengi hukisia kwamba ukuta mnene hukauka kiasi cha sentimita mbili na nusu kwa mwezi, na wetu ulikuwa zaidi ya nusu mita. Tuliuacha uchi. Kila mara chumvi ilipoota tuliisugua kwa brashi kavu, tukaizoa tukaitupa, wala hatukuiosha, maana kuiosha ni kuirudisha ndani. Boriti mpya tuliziweka mwaka 1999. Lipu ya chokaa ilipigwa mwaka 2000, mwaka ambao nilistaafu nikarudi Unguja, na ambao UNESCO iliutia Mji Mkongwe katika orodha ya urithi wa dunia. Niliwahi kumfanyia fundi mzaha kwamba wamengoja ukuta wetu ukauke.

Watu wakizungumzia kuharibika kwa mji huu huanza na mizinga. Ni kweli kwamba tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza ziliupiga mji kwa muda usiofika saa moja, na Beit al-Hukm ikabomoka kiasi cha kutofaa tena. Jirani yake Beit al-Ajaib, aliyoijenga Seyyid Barghash mwaka 1883, yenye nguzo za chuma na roshani pande zote, ilipona na kuendelea kusimama. Iliyastahimili mengi. Mwaka 2012 kipande cha nyuma kiliporomoka, ikafungwa. Tarehe 25 Disemba 2020, ikiwa katika matengenezo, sehemu kubwa ya mbele ilianguka mchana kweupe na watu wawili waliokuwa wakifanya kazi humo wakafariki dunia. Niliusikia mshindo wake nikiwa nyumbani. Sitasema iliangushwa na nini, kwa sababu jengo kubwa kama lile lina maradhi mengi na wenye ujuzi ndio wa kusema. Nitasema tu nilichokifanya mimi. Niliposikia ule mshindo, kabla sijajua ni kitu gani, nilishuka chini nikauwekea ukuta wa shangazi kiganja.

Chumba kile siku hizi nimekipangisha kwa kijana anayeuza kanga na vinyago kwa wageni. Ni mpangaji mzuri, analipa kwa wakati. Mwaka huu masika yalipokaribia ukuta ulibadilika rangi kama kawaida yake, hadi kimo cha goti, na lipu ikamwaga unga kidogo juu ya bidhaa zake. Alinijia na picha katika simu: vigae vyeupe kutoka sakafuni hadi kifuani, gharama juu yake mwenyewe. Nilimweleza habari hii yote, kama nilivyoieleza hapa, labda kwa urefu zaidi. Alisikiliza kwa adabu. Kisha akasema, "Lakini babu, vigae vya siku hizi vina gundi maalumu."

Sikukasirika; niliyajua maneno yale. Tumekubaliana atengeneze fremu ya mbao, isimamishwe mbali na ukuta shubiri moja, atundike kanga zake hapo, upepo upite nyuma. Chokaa nimeshailaza katika pipa pale uani tangu Novemba, na nimemwambia masika yakikatika tutapaka, mimi na yeye. Vigae amevinunua tayari. Maboksi yako chini ya ngazi, na hajaniambia kama atavirudisha dukani.